Mpishi wa Meli na Majina ya Waliobaki Majini

Sokoni Wamunyu watu walimwita Kapteni, na kila mara alikataa. "Mimi nilikuwa mpishi," angesema bila kusimama, maana siku zote alikuwa akipita tu. "Kapteni hata kuchagua maharagwe hajui." Kesho yake wangemwita Kapteni tena. Mimi nilimwita Mzee mbele yake, lakini moyoni nilimfikiria kama Mpishi, kwa kuwa ndilo jina alilolitaka mwenyewe.

Nina kibanda cha kuchapa barua na kupiga kopi, mkabala na wachongaji. Mchana kutwa nasikia tezo zikigonga miti, twiga na vifaru wakitolewa ndani ya magogo. Hapo ndipo nilipojuana naye, na kwa miaka tisa kama si kumi sikuwahi kumwona akimaliza kikombe cha chai mahali pamoja. Angeanza kukinywa kwangu, akatoka nacho hadi kwa fundi wa viatu, kutoka hapo akaenda kuangalia lori la mahindi, na jioni ningekiona kikombe changu kwenye dirisha la duka la dawa. Wenye hoteli walikuwa wamekwisha kuzoea kurudishiana vyombo kwa ajili yake.

Siku moja nilimuuliza kwa nini hatulii.

"Hii ardhi yenu imenyamaza sana, Mama Mwende," akasema. "Kule melini usiku na mchana sakafu inatetemeka. Ikiacha kutetemeka, ujue injini imezima, na hapo watu wote wanatoka mbio. Sasa mimi nikikaa hapa kwa kiti, naona kama kuna kitu kimeharibika na hakuna mtu anaenda kuangalia."

Alikuwa amepikia mabaharia wa meli za mizigo kwa miaka inayokaribia thelathini: Wahindi, Wafilipino, Wapolandi, Wabajuni, na Wakamba wachache ambao walifika Mombasa kutafuta kazi yoyote na wakaipata ile ambayo mama zao hawangeiamini. Alijua kutukana kwa lugha saba na kubariki chakula kwa tano. Watoto waliotumwa kopi kwangu aliwadanganya bila aibu. Aliwaambia kuna samaki anayekoroma, na kuna kisiwa ambako kuku hunyonyesha. Mtoto wangu Mwende aliandika jambo la kuku wale katika insha ya shule, akapigwa mstari mwekundu. Nilipomlalamikia Mpishi, alicheka hadi akashika mlango.

Lakini kwa habari ya wafu hakuwahi kuongeza hata punje. Ukimuuliza fulani alikufaje, angekuambia saa, upande wa meli, hali ya mawimbi, na kilichokuwa kimepikwa siku hiyo. Kama hakujua, alisema hakujua.

Alikuwa na semi zake. "Chumvi ikizidi, laumu mpishi, maji yakizidi, utamlaumu nani?" Huo aliutumia kwa kila kitu, kuanzia siasa hadi mvua za mafuriko. Alisema pia kwamba njaa haina dini wala cheo. Na samaki hakula. Akina mama waliotoka Masinga na karai za samaki wa kukaanga walimwita kwa jina, wakampunguzia bei, naye alivuka barabara. Nilidhani ni mambo ya tumbo. Kumbe siku moja mchongaji mmoja alimshikia kipande usoni kwa mzaha, naye akasema polepole, "Siwezi kula kitu ambacho sijui chenyewe kilikula nini." Mchongaji mwenyewe alikitupia paka kile kipande.

Aliichukia bahari, na bado kila aliyetoka Mombasa alimsimamisha barabarani kumuuliza, "Umeiachaje?" kama mtu anayeulizia hali ya ndugu mgonjwa.

Mkewe alikuwa amekufa kabla sijamjua. Kaburi lake liko nyuma ya nyumba, limejengewa kwa saruji na kupakwa chokaa. "Huyu ana bahati," aliniambia nilipompelekea karatasi zake nyumbani. "Najua aliko. Hatua arobaini kutoka jikoni."

Karatasi hizo ndizo zilizotuunganisha. Alikuja kwangu mara ya kwanza na daftari la shule lenye majina kumi na moja, yote ya mabaharia aliowajua, ambao hawana kaburi. Wanne walizama pamoja, meli yao iliyobeba saruji ilipopinduka. Wengine walianguka majini, wengine walikufa kwa ugonjwa wakazikwa huko huko, na mmoja aliingia chumbani kwake jioni na asubuhi hakuwamo ndani ya meli. Kwa kila mtu Mpishi alikuwa ameandika jina, kazi, kwao, na mwezi. Safu ya mwisho ilikuwa tupu. Hapo alitaka ziandikwe zile nambari ambazo mabaharia hutumia kuonyesha mahali baharini.

"Mtu akigongwa na gari, watu wake wanaenda wanaweka msalaba pale kando ya barabara," alisema. "Hawa barabara yao haina kando. Lakini iko na nambari. Nataka kila mama apewe nambari ya mtoto wake."

Basi tukaandika. Tuliandikia kampuni za meli, na mawakala wao, na ofisi za serikali za nchi ambazo bendera zao zilipepea juu ya meli ambazo hazikuwahi kufika huko. Kampuni nyingine zilikuwa zimekufa kuliko hao watu wenyewe. Barua zilirudi. Barua pepe zilikataa kwenda. Nilijifunza kuandika Kiingereza cha unyenyekevu, halafu cha hasira, halafu tena cha unyenyekevu. Kila siku ya soko Mpishi alichungulia dirishani: "Wamejibu?" Nikitikisa kichwa, alikuwa ameshapita.

Wakati ule ule alizunguka kutafuta jamaa wa watu wake. Siku moja nilikuwa na safari ya Machakos kununua wino, tukaandamana. Alinipeleka kwa mfanyabiashara wa mifugo, Msomali, ambaye mdogo wake alikuwa namba nne katika daftari. Mzee yule alitukaribisha, akatuagizia chai ya maziwa, akamsikiliza Mpishi hadi mwisho.

"Ahsante kwa kumkumbuka ndugu yangu," akasema. "Lakini sisi tulimswalia siku ile habari ilifika. Ile sala ya maiti ambaye hayupo mbele yenu. Imekwisha."

"Na hamtaki kujua yuko wapi?"

"Yeye Mungu anajua. Mimi nikijua, nitafanya nini? Nitaenda kumfagilia kaburi?"

Njia nzima ya kurudi Mpishi alihangaika kitini kama aliyekalia miiba. Nilidhani amekasirika. Tulipokaribia Wamunyu akasema, "Wale wamepumzika. Umeona? Wamepumzika kabisa." Alisema kwa wivu.

Kwa padre alienda mwezi wa Novemba, mwezi wa marehemu. Aliomba majina yasomwe kanisani. Padre, kijana mpole, akauliza wangapi kati yao walikuwa Wakatoliki.

"Padre, walipokuwa wanazama hawakujipanga kwa madhehebu."

Yakasomwa yote. Padre alipotamka vibaya jina la mtu wa Lamu, Mpishi alisimama katikati ya misa akalirudia kwa sauti, sawasawa, akangoja. Padre akalirudia. Ndipo ibada ikaendelea.

Halafu jibu likaja. Moja tu, kutoka ofisi moja ya ng'ambo, baada ya miaka mitatu ya kuandika. Lilihusu namba saba, mtu wa Ekalakala aliyefanya kazi chini kwenye injini. Barua ilisema amekufa kwa maradhi akiwa kazini, amezikwa baharini, na chini yake zilikuwapo zile nambari. Nilipiga kelele za furaha. Nilidhani Mpishi naye ataruka. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akaikunja mara nne, akaondoka bila kuaga. Kwa majuma mawili hakuna aliyemwona sokoni.

Aliporudi, ilikuwa asubuhi na nilikuwa nikifungua dirisha.

"Mama Mwende, funga duka. Twende Ekalakala."

"Mimi niende kufanya nini, Mzee?"

"Kusoma. Mimi sauti itaniharibikia."

Mke wa mtu yule, Mama Kioko, tulimkuta uani akipepeta ndengu. Ni mwanamke mrefu, mwenye macho yasiyokimbilia kuamini. Alitupatia viti, yeye akabaki na ungo wake. Mpishi alimsalimu, akamwita *mwaitu*, yaani mama, ingawa yeye Mpishi alikuwa mkubwa kwake kwa miaka mingi. Akaniashiria. Nikasoma barua, nikaitafsiri neno kwa neno.

Mama Kioko aliweka ungo chini.

"Soma tena hapo kwa maradhi."

Nikasoma tena.

"Alikufa," akasema. "Kwa hivyo alikufa." Kisha akatueleza, akinitazama mimi tu. Miaka ishirini na miwili iliyopita wakala wa Mombasa alimwandikia mstari mmoja: mumeo hayuko kazini tena. Basi. Shemeji yake akautafsiri mstari ule anavyopenda. Akasema ndugu yake amekaa na mwanamke huko ng'ambo, na mwanamume akiacha mke mbaya si ajabu. Kijiji kikalipokea hilo. "Kanisani nilikuwa mke aliyetorokwa. Kwa chama cha akina mama, nilikuwa mke aliyetorokwa. Na sasa huyu shemeji amewaleta watu wa kupima shamba. Anasema mimi niko hapa kama mgeni, kwa sababu hakuna mume na hakuna kaburi. Nimuonyeshe kaburi."

"Sasa uko na barua," nikasema.

Hakunisikia. Alikuwa amemgeukia Mpishi. "Na wewe ulimjuaje?"

Mpishi alisimama. Akazunguka kiti chake, akashika mgongo wa kiti.

"Nilikuwa kwa hiyo meli."

Mimi mwenyewe sikujua. Katika miaka yote ya daftari lile hakuwahi kusema hivyo.

"Aliugua siku nne," akasema. "Homa. Nilimpelekea uji, akakunywa siku mbili za kwanza. Akafa alfajiri. Bandari ilikuwa mbele siku kumi na moja. Kapteni akaja jikoni, akaniuliza, mpishi, kwa chumba cha barafu kuna nafasi? Kwa sababu funguo za chumba cha barafu zilikuwa kwangu. Mimi ndiye nilijua nafasi."

"Ukasema nini?"

"Nilisema hakuna. Nilijibu kabla hajamaliza kuuliza."

"Na ilikuwako?"

"Ilikuwako, mwaitu. Ningetoa viazi. Niliogopa. Meli ya kabla ya hiyo tuliweka maiti pale, na watu wakakataa kula, wakanitupia sahani. Nikaona siwezi tena. Basi tukamshona kwa turubai, mimi nilishika sindano, tukamfunga vyuma kwa miguu. Kapteni akasoma. Tukamteremsha."

Kuku walikuwa wakizidonoa ndengu zilizomwagika, na hakuna aliyewafukuza.

"Hapo sikulaumu," Mama Kioko akasema mwishowe. "Mtu amekufa, amekufa. Labda hata mimi ningeogopa. Lakini kutoka Wamunyu mpaka hapa ni mbali?"

"Si mbali."

"Ulirudi mwaka gani?"

Akamtajia. Mama Kioko akahesabu kwa vidole, akaviangalia.

"Miaka kumi na tisa ulikuwa hapo, unanunua mahindi kwa soko, na mimi naitwa mke aliyetorokwa. Neno moja tu, mzee. Ungetuma hata mtu." Akainuka, akatufungulia lango la miti. "Barua niachieni. Nyinyi nendeni."

Njiani kurudi nilikuwa nimemkasirikia Mpishi kiasi cha kutotaka kukaa karibu naye. Nilimuuliza mara moja tu, kwa nini.

"Kila mwaka nilisema mwaka huu," akajibu. "Halafu nikaona nikiwapata hao wengine wote kwanza, nikienda kwake sitaenda mikono mitupu. Nitakuwa nimefanya kitu."

Kwa hiyo daftari lote lile, na barua zote zile, na mwendo ule usiokwisha, vilikuwa vya kumchelewesha kufika katika boma moja. Nilidhani hivyo siku ile. Leo sina hakika. Wale kumi wengine nao aliwapenda kweli.

Mwezi mzima alitembea kuliko kawaida. Tulimwona akienda upande wa Masii asubuhi, jioni akitokea upande wa pili. Viatu vyake vilipasuka. Kisha Mama Kioko akanipigia simu: ukoo umeitwa mbele ya chifu kuhusu shamba, na yule mzee aje na kitabu chake cha ubaharia.

Alikuja amevaa koti. Mbele ya ukoo mzima, chini ya paa la mabati la ofisi ile, alieleza upya, hakuacha kitu, hata viazi. Chifu alikagua mihuri ya kitabu, akalinganisha na barua. Shemeji, mtu mnene mwenye sauti ya mnada, akaona mlango umebaki mmoja.

"Na wewe shahidi, miaka hii yote ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nyumbani kwangu," Mpishi akasema, "nikimuogopa huyu mama. Wewe ulikuwa unamwonea. Mimi nilikuwa nimenyamaza. Hebu tuulize wazee nani ni mbaya zaidi."

Mzee mmoja wa ukoo akasema kwa Kikamba kwamba swali hilo halihitaji kikao. Shemeji akakaa chini. Karatasi zilipelekwa mahakamani Machakos. Ilichukua mwaka na zaidi, lakini cheti cha kifo kilitoka, na shamba likaandikwa kwa jina la Mama Kioko na mwanawe.

Siku cheti kilipofika, alimtumia Mpishi ujumbe kupitia kwangu, nami nilimsomea kama ulivyokuwa: "Mume wangu hakufanyiwa matanga. Wewe ni mpishi. Kuja upike."

Alipika siku mbili. Muthokoi, mahindi yale yaliyotwangwa yakatolewa maganda, alipika masufuria matatu, na mbuzi wawili, na chapati ambazo vijana wa Ekalakala bado wanazizungumzia. Wazee walikuwa wamekataza kuchimba kaburi tupu, kwa kuwa shimo lisilo na mtu huita mtu. Mama Kioko akasema hachimbi. Alisimamisha jiwe juu ya ardhi, karibu na mlango, lenye jina la mumewe na zile nambari. Watu waliimba, wakamlilia mtu aliyekufa zamani kana kwamba amekufa Jumanne. Mwanawe Kioko, mtu mzima mwenye watoto, alilia kuliko wote. Mama Kioko hakumshukuru Mpishi wala hakumwambia amemsamehe. Jioni alionja muthokoi, akasema, "Chumvi ni kidogo." Mpishi akaenda kuleta chumvi.

Mara ya mwisho kukaa naye kwa muda ilikuwa mwaka huu, kabla ya mvua. Alikuwa amekonda, na koti lilimwangukia mabegani. Binti yake alitaka kumhamishia kwake Syokimau, karibu na hospitali, naye alikuwa akigoma. Aliingia na daftari, akaniambia nichape barua kwa watoto wake.

"Andika hivi. Nikifa, mnizike karibu na mama yenu. Msalaba wa kawaida sitaki. Nataka jiwe pana. Jina langu liwe chini, dogo. Juu muandike hawa wote, na kwao, na nambari za wale tumepata. Kaburi moja linaweza kubeba watu wengi kama maandishi ni madogo."

Kufikia wakati huo majibu mengine mawili yalikuwa yamekuja, na nambari zilikuwa zimepatikana za watu watatu. Nilichapa. Tulipofika namba saba, akainua mkono.

"Huyo ana mwenyewe. Mpigie simu, uulize kama anakubali."

Nikampigia Mama Kioko, nikaweka sauti ya wazi ili naye asikie. Nikamweleza habari za jiwe. Kulikuwa na mbuzi wakilia nyuma yake.

"Hapana," akasema. "Mwambie amtoe."

Mpishi alishika ukingo wa meza.

"Mwaitu, bado una hasira na mimi?" akauliza, akiinamia simu.

"Hasira ni yangu, wewe iache. Nasikiliza vile mnasema. Hiyo orodha si ni ya watu hawana mahali? Sasa baba Kioko unamwandika huko wa nini? Yeye ako hapa kwangu. Kila siku wajukuu wanaegemea jiwe lake, nawafukuza. Mtoe, mzee. Huyo amekwisha kufika."

Simu ikakatika, labda salio liliisha, labda alikata mwenyewe.

Nilianza kulifuta jina kwenye kompyuta, Mpishi akanizuia. Aliomba rula. Alifungua daftari, akaiweka rula juu ya namba saba, akapiga mstari mmoja, polepole, kutoka ukingo hadi ukingo, kisha akapuliza wino ukauke. Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyapangusa.

"Sasa chapa upya," akasema.

Nikachapa majina kumi. Karatasi ilitoka ikiwa bado na joto la mashine. Aliichukua, akaisoma yote kwa sauti pale mlangoni, jina moja baada ya jingine, huku wachongaji wakiwa wamenyamazisha tezo zao, kisha akatoka kwenda kumtafuta fundi wa mawe.